Kila kinga ina ajali yake: historia ya mavazi ya pikipiki, kwa barabara za Karagwe na Kyerwa

Fikiria uko juu ya Boxer, umetoka Nkwenda unaelekea Kaisho. Nyuma umefunga mikungu mitatu ya ndizi. Mbele kuna mteremko wa udongo mwekundu, usiku mvua ilinyesha, na maji yamechimba korongo katikati ya njia. Sasa jiangalie: umevaa nini?

Kama wewe ni kama wengi wetu, umevaa koti zito ulilogeuza, zipu iko mgongoni, na chini gambuti. Koti linazuia upepo na baridi ya asubuhi, gambuti zinazuia tope. Safi kabisa. Ila ukianguka, hakuna hata kimoja kilichotengenezwa kwa ajili hiyo.

Ukizunguka kwenye mitumba, ukibahatika utakuta mavazi ya kinga yenyewe: vifua vya plastiki, vikinga magoti, makoti yenye vipande vigumu mgongoni. Hela ni kidogo, huwezi kununua vyote. Uanze na kipi? Mimi nakujibu kwa historia, kwa sababu kila kinga ilizaliwa na ajali fulani. Ukiijua ajali yake, utajua itakusaidia wapi na itakudanganya wapi.

Kichwa kilitangulia

Mei 1935, huko Dorset, Uingereza, T. E. Lawrence, yule mwanajeshi maarufu wa vita vya Uarabuni, aliwakwepa vijana wawili wa baiskeli akiwa kwenye pikipiki yake. Alirushwa, akaumia kichwa, na baada ya siku sita akafariki. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Jambo lile halikumtoka.

Oktoba 1941, katikati ya vita, Cairns alichapisha makala. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wamekufa barabarani Uingereza. Upande wa pili alikuwa na wagonjwa 7 tu walioanguka wakiwa na kofia ngumu, na wote walipona. Saba ni wachache mno kuthibitisha jambo, lakini walitosha kuliamsha jeshi: Novemba mwaka uleule waendesha pikipiki wa jeshi wakaamriwa kuvaa kofia. Raia wa kawaida walingoja sheria mpaka 1973.

Kwa nini si chuma?

Hapa msomaji wa Karagwe anaweza kuuliza swali la maana. Nchi yetu ni ya wahunzi. Speke na Grant walipofika kwa Omukama Rumanyika mwaka 1861, ufundi wa chuma ulikuwa wa zamani hapa, na hazina ya wafalme ilikuwa na hata ng'ombe wadogo wa chuma. Kwa nini basi tusijifunge bati gumu tukamaliza?

Piga hesabu ndogo. Kichwa chako kinaanguka kutoka mita 1.5. Kikisimama ndani ya milimita 2, kama kinavyosimama kwenye jiwe, gawanya 1.5 kwa 0.002: unapata 750. Maana yake, kwa wastani kichwa kinasimamishwa kwa nguvu mara 750 ya uzito wake. Sasa weka kitu kinachobonyea milimita 20. Jibu linashuka hadi 75. Kimo ni kilekile na kichwa ni kilekile. Kilichobadilika ni nafasi ya kusimamia.

Chuma kinatawanya pigo, lakini hakibonyei kwa kiasi cha kukusaidia. Ndiyo maana mwaka 1953 Charles Lombard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, waliomba hataza ya kofia yenye tabaka mbili: gamba gumu nje, na ndani kitu kinachopondeka kikanyonya pigo. Leo cha ndani ni polistireni, ile nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni. Ikishapondeka mara moja imemaliza kazi yake. Kofia iliyowahi kupata ajali, hata iking'aa, usiinunue.

Mgongo, shingo, na kifua kinachodanganya

Mgongo ulisubiri sana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Lino Dainese wa Italia alitengeneza kikinga mgongo cha vipande vilivyopangana kama gamba la kamba wa baharini, na bingwa wa mbio Barry Sheene akakijaribu. Shingo ilipata kinga yake Afrika. Mwaka 2001 Chris Leatt, daktari wa Afrika Kusini, alishuhudia mwendeshaji mwenzake akifa kwenye mashindano ya njia za porini, akaanza kubuni kola ya kuizuia shingo isipinde kupita kiasi.

Na kile kifua cha plastiki chenye matundu? Hicho kilitokana na mashindano ya motokrosi, ambako tairi la aliye mbele linakurushia mawe. Ulaya kina kiwango chake, EN 14021, na kiwango hicho kinahusu mawe. Hakikupimwa kwa kuanguka. Ukikivaa ukidhani uti wa mgongo uko salama, umekiamini kwa kazi isiyo yake.

Kikinga mgongo cha kweli kina kiwango kingine, EN 1621-2. Wanadondosha chuma cha kilo 5 kutoka karibu mita moja, wanapima nguvu inayopita upande wa pili. Daraja la 1 linaruhusu wastani wa kilonyutoni 18, daraja la 2 linaruhusu 9 tu, yaani nusu. Kwa hiyo mtumba ukiupata, geuza kipande utafute mchoro wa pikipiki, herufi na namba: B ni mgongo, K goti, E kiwiko, S bega. Namba 2 ni bora kuliko 1. Kama hakuna alama yoyote, unanunua sponji.

Basi uanze na kipi?

Utafiti wa Bugando, Mwanza, ambako wagonjwa wetu wa rufaa hupelekwa, ulichapishwa 2010, na ulikuta majeraha ya mikono na miguu pamoja na ya kichwa ndiyo yanayoongoza kwa majeruhi wa pikipiki. Fuata mpangilio huo. Kofia kwanza, yako na ya abiria, na mkanda wake ufungwe. Tathmini ya tafiti nyingi ya mwaka 2008 ilikadiria kwamba kofia inapunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42. Pili, magoti na buti ngumu inayopanda juu ya kifundo, maana gambuti haizuii kifundo kupinda. Tatu mgongo. Kifua cha mawe kiwe cha mwisho.

Cairns alikuwa na wagonjwa saba tu wa kumwonyesha njia. Sisi kwenye miteremko ya Kyerwa tunao wengi kuliko hao, na wengi wao tunawajua kwa majina. Tusingoje ajali nyingine itufundishe kilichokwisha kujulikana.