Spea "orijino" na neno kizalia

Ukiulizia kabureta kwenye maduka ya spea ya Kariakoo, au Kirinyaga Road kule Nairobi, muuzaji atakuuliza: "Unataka orijino au ya kawaida?" Kwa mwenye bodaboda, hapo mambo yamekwisha. Orijino ni ya kampuni, bei imechangamka. Ya kawaida imeigwa, na ikifa mwezi ujao usirudi kulalamika. Neno limefanya kazi yake.

Kwa anayefufua pikipiki kongwe ya porini halifiki mbali. Tuseme ana Yamaha DT-1, ile ya silinda moja na sentimita 246 za ujazo, iliyoingia sokoni mwaka 1968 na kuwazoesha Wamarekani wengi kupeleka pikipiki ya Kijapani jangwani na misituni. Madigadi ya mbele imepinda. Anaweza kuinyoosha ileile. Anaweza kung'oa ya DT-1 nyingine iliyokwisha kufa. Akiwa na bahati na pesa, atapata moja iliyotoka kiwandani miaka ile na kulala ghalani bila kufungwa hata siku moja. Au atanunua iliyotengenezwa juzi kwa kufuatisha umbo la zamani. Kwenye tangazo la mauzo, zile tatu za mwanzo zote zitaitwa orijino, na muuzaji mwenye uso mkavu ataiita hivyo hata ya nne.

Waingereza tuliowaazima neno wamekwama papo hapo. Neno lao hilo moja hubeba "ya kampuni yenyewe" na pia "iliyokuwepo tangu mwanzo". Tulipoliazima, utata wake ulikuja nalo kama kupe juu ya ng'ombe.

Sisi tunayo halisi na asili, yote yametoka Kiarabu lakini kwa milango tofauti. Halisi ni kitu safi, kisichochanganywa, kama maziwa yasiyotiwa maji. Asili ni shina, pale kitu kilipoanzia. Spea halisi basi hujibu swali la nani aliitengeneza: ni ya Yamaha, si feki. Kwa swali la pili, yaani kama kifaa hiki ndicho kilichotoka na pikipiki hii kiwandani, ningependekeza asilia, ila neno hilo limekwishachukuliwa na dawa za miti shamba. Mwambie fundi "kabureta asilia" uone atakavyokutazama.

Ndipo ninapoliita neno kizalia. Kizalia, ndugu wa mzalia, ni kiumbe aliyezaliwa palepale alipo, tofauti na aliyehamia. (Mzalia nimeliacha kwa sababu pwani liliwahi kutumika pia kwa mtoto wa mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana.) Injini kizalia ni ile iliyotoka kiwandani ndani ya fremu hii hii. Iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine inaweza kuwa halisi kabisa, lakini ni mgeni. Na ile madigadi ya ghalani? Nilishawishika kuiita mwali, maana imefichwa ndani miaka yote ikingoja siku yake, nikaona mafundi watanicheka. Ibaki spea ya ghalani. Ni halisi bila shaka yoyote, na si kizalia hata kidogo.

Ushahidi wa mambo haya mawili hautafutwi mahali pamoja. Uhalisi huanzia kwenye namba ya spea. Yamaha wa enzi hizo waliandika kwanza alama tatu za modeli, kisha tarakimu tano zinazotaja ni kifaa gani, kisha mbili za mabadiliko au rangi. DT-1 ni 214. Lakini ukikuta alama za modeli nyingine usikimbilie kuita feki: alama hizo hutaja modeli ambayo kifaa kilibuniwa kwa ajili yake kwanza, na kiwanda hakioni haya kukitumia tena kwingine. Skrubu nazo husema. Skrubu za msalaba za kiwango cha Kijapani, JIS, mara nyingi huwa na kidoti kichwani, na msalaba wake haulingani sawasawa na ule wa Phillips. Ukizikuta zimeliwa, ujue alipita fundi mwenye bisibisi isiyo yake. Ukizikosa kabisa, mfuniko wa injini ukiwa umejaa bolti za Allen zinazong'aa, ujue alipita mwingine aliyechoshwa na kazi ya yule wa kwanza.

Ukizalia wa injini hutafutwa kwenye namba ya injini na ya fremu. Wengi husema namba zikilingana basi pikipiki imetimia. Kwa DT-1 ni sawa, zilipigwa namba moja. Bultaco wa Barcelona nao walifanya hivyo, wakitenganisha kwa herufi tu: B kwa fremu, M kwa injini. Honda walikuwa na mpango wao, namba mbili tofauti tangu siku ya kwanza. Honda XL250 yenye namba pacha ndiyo ya kutilia shaka. Triumph walikuwa wajanja zaidi. Kuanzia modeli za 1969, TR6C ya eksozi za juu ikiwemo, namba ya injini ilipigwa juu ya eneo lililojaa vinembo vya kampuni. Anayesaga namba ili apige nyingine husaga na vinembo.

Pikipiki za porini zina ukorofi wake, kwa sababu wenyewe walianza kuzibomoa zikiwa bado mpya. Taa na vioo viling'olewa mapema, madigadi zikakatwa. Yamaha wenyewe waliuza seti iliyoitwa GYT, yenye silinda, pistoni, kabureta kubwa na eksozi, ya kuigeuza DT-1 kuwa ya mashindano. Silinda ya GYT iliyofungwa dukani kwa wakala mwaka 1968 ni halisi, ni ya enzi zake, na si kizalia. Wapo watakaoing'oa ili warudishe ya kawaida kutoka ghalani. Mimi ningeiacha ilipo, maana imeishi na pikipiki hii kuliko hiyo ya ghalani itakavyowahi kuishi nayo.

Tangi nalo lina mashaka yake. Chuma ni kilekile, alama ya jiwe lililoligonga bado inaonekana kwa ndani, ila nje limenyooshwa na kupakwa upya, linang'aa kuliko lilivyotoka Japani. Hapo neno moja halitoshi, wala halijawahi kutosha. Kwenye karatasi ya mauzo ningeandika hivi: tangi kizalia, rangi ya juzi.