Sindano za Cucu

Najua mtaniuliza mtu aliyeacha chuo anajua nini kuhusu dawa. Sawa. Lakini naishi na cucu wangu hapa Membley, na ukitaka akusikie lazima upige kelele. Usiku stima zikipotea anatembea akishika ukuta. Mwaka wa 1979 alikuwa na TB, akadungwa sindano kila siku kwa miezi miwili. Ilikuwa streptomaisini. Inaua TB, ila inaweza kwenda na masikio na mizani ya mwili pia.

Hiyo dawa ilitoka kwa viumbe vidogo vya udongoni. Albert Schatz aliipata Marekani mwaka wa 1943, kwenye maabara ya Selman Waksman. Waingereza wakaijaribu kwa wagonjwa 107, wengine sindano, wengine kulala kitandani tu. Miezi sita baadaye, waliodungwa walikuwa wamekufa 4, wale wengine 14. Poa sana, si ndio? Baada ya miaka mitano, waliodungwa walikuwa wamekufa 32 kati ya 55, wale wengine 35 kati ya 52. Bakteria walikuwa wameshaizoea dawa.

Shida ni hesabu. Kwa pafu lililooza kuna bakteria mamilioni, na kati yao wachache hiyo dawa haiwawezi tangu mwanzo. Ukidunga dawa moja, wenzao wanakufa, hao wanabaki na shamba lote. Ukiongeza dawa ya pili inayopiga mahali tofauti, aliyeponyoka ya kwanza anaangukia ya pili. Kuponyoka zote mbili ni kama kushinda jackpot mbili siku moja. Kufikia 1950 jambo hili lilikuwa limeonekana wazi, streptomaisini ikipewa pamoja na PAS, dawa ya kumeza.

Sasa hapa ndipo huwa naskia uchungu. Miaka ya 1970 ikianza, wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walijaribiwa matibabu ya miezi sita badala ya mwaka na nusu. Waliopata streptomaisini na isoniazidi pekee, zaidi ya robo TB iliwarudia. Walioongezewa rifampisini, wachache mno. Matokeo yalianza kuchapishwa kwenye Lancet mwaka wa 1972.

Cucu aliugua miaka saba baadaye na hakuonja rifampisini. Ilikuwa ghali. Sisemi ingeokoa masikio yake, maana sindano ilikuwa palepale. Lakini alimeza vidonge zaidi ya mwaka mzima, na matibabu mafupi yalikuja kusambazwa Kenya miaka ya 1990. Mapafu yaliyotoa jibu yalikuwa ya watu wetu, manze!

Saa hii kuna utafiti unaitwa NeoSep1, Kenya ikiwemo. Ni wa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, kwa sababu ampisilini na jentamaisini zinazidi kushindwa. Wanajaribu kuunganisha sindano za fosfomaisini, flomoksefu na amikasini, mbili mbili. Mimi nangoja kuskia bei, na ni mwaka gani zitafika hospitali za huku Kiambu.