Lugha kama Kizuizi cha Elimu: Mtoto Kiziwi wa Ukambani katika Historia ya Shule za Kenya

1. Utangulizi

Jina la Mukuyuni, katika Kaunti ya Makueni, halimpi taabu msemaji wa Kiswahili. Mukuyu wa Kikamba ndio mkuyu wa Kiswahili, na kiambishi cha mahali -ni ni kimoja katika lugha zote mbili. Mtoto anayesikia aliyezaliwa hapo huanza shule akiwa na Kikamba kinywani, na Kiswahili hakimpi shida kubwa. Ndugu yake asiyesikia huanza bila ya kimoja wala kingine.

Yanapozungumzwa masuala ya elimu ya watoto wenye ulemavu, aghalabu hutajwa umbali wa shule, umaskini na haya ya wazazi. Yote hayo ni kweli. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba, kwa mtoto kiziwi, lugha nayo ilikuwa kizuizi, na kwamba kizuizi hicho kiliwekwa ndani ya darasa lenyewe.

2. Shule za mwanzo

Elimu hii ilianzishwa na wamisionari. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu huko Thika mwaka 1946. Shule za viziwi za Mumias na Nyang'oma, zote mbili magharibi mwa nchi, zilianza mwaka 1961. Mzazi wa Ukambani aliyetaka mwanawe kiziwi asome alilazimika wakati huo kumpeleka ng'ambo ya pili ya nchi, katika bweni, miongoni mwa watu wasiojua hata salamu ya kwao.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, serikali iliunda kamati ya kuchunguza hali ya walemavu. Kamati hiyo iliongozwa na Ngala Mwendwa, mwana wa Kitui aliyekuwa waziri katika baraza la kwanza, na ilifuatwa na Waraka wa Serikali Na. 5 wa mwaka 1968. Kama jina la kamati lilivyoonyesha, mkazo ulikuwa juu ya matunzo na urekebishaji. Suala la lugha ya kufundishia lilibaki mikononi mwa shule.

Shule nazo zilikuwa zimerithi fikra kutoka mbali. Mwaka 1880, mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan, Italia, uliamua kwamba viziwi wafundishwe kwa matamshi na si kwa ishara. Uamuzi huo ulitawala Ulaya kwa miongo mingi, na shule za Kenya zikaufuata. Mtoto alifundishwa kutazama midomo ya mwalimu na kuiga sauti asizozisikia. Ishara ambazo watoto walibuni wenyewe hazikuhesabiwa kuwa ni lugha.

3. Lugha ya mama ya nani?

Mwaka 1976 Kamati ya Gachathi ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza mtoto afundishwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule yake, na penye mchanganyiko wa makabila kitumike Kiswahili. Katika Makueni, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos hadi mwaka 1992, pendekezo hilo lilikuwa rahisi kutekeleza kwa kuwa Kikamba kimeenea kotekote.

Lakini pendekezo hilo lilichukulia kwamba kila mtoto huipokea lugha kwa mama yake. Watoto wengi walio viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Kwa mtoto wa namna hii Kikamba ni lugha ya mama yake, ila si lugha yake yeye. Lugha yake huzaliwa pale anapokutana na viziwi wenzake, na mara nyingi mahali hapo ni shule. Hivyo shule iliyokataza ishara ilimnyima mtoto lugha ya kwanza, na papo hapo ikamlaumu kwa kuchelewa kujifunza ya pili.

Katikati ya miaka ya 1980 msimamo ulianza kulegea, na ishara zikaruhusiwa pamoja na matamshi. Hata hivyo, ishara hizo zilipangwa kwa kufuata sentensi za Kiingereza. Mfano mmoja watosha. Katika Lugha ya Ishara ya Kenya neno la kuuliza huja aghalabu mwishoni, kama tusemavyo katika Kiswahili, «Unakwenda wapi?» Darasani mtoto alitakiwa alitangulize, kwa kuwa Kiingereza hulitanguliza. Utafiti wa lugha hiyo ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1991 ulisaidia kuthibitisha kwamba ina sarufi yake yenyewe.

4. Suala la majina

Wako wanaoona kwamba tatizo la lugha liko katika majina: kiziwi, kipofu na kiwete yamo katika ngeli ya ki-/vi-, ngeli ya vitu, na kwa hiyo yamdhalilisha mtu. Hoja hii haina budi kupimwa. Kijana, kiongozi na kinyozi nao wamo humo, na wote, pamoja na kiziwi, huchukua upatanisho wa viumbe: kiziwi amefika, viziwi wamefika. Nchini Tanzania viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi. Istilahi «mtu mwenye ulemavu» ina heshima yake, na yafaa itumike. Lakini kubadili jina la mtoto ni kazi nyepesi kuliko kumpatia mwalimu anayeijua lugha yake.

5. Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Ada za shule za msingi za serikali zilikuwa zimekwisha kufutwa mwaka 2003, ingawa gharama za bweni na za safari hazikwisha. Linalobaki ni hili: sheria imeingiza ishara Bungeni kabla hazijafika katika kila darasa la kwanza. Sisi tunaofundisha lugha za Kiafrika tumetetea kwa miaka mingi haki ya mtoto kuanza masomo kwa lugha yake. Utetezi huo utakuwa na upungufu iwapo hautamhesabu mtoto wa Mukuyuni ambaye lugha yake imo mikononi mwake.