Notes: Programu Iliyotoka Chuoni Ikaingia Ofisini

Programu ya Notes ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ndani ya mfumo wa kompyuta ulioitwa PLATO. Mfumo huo, ulioanzishwa mwaka 1960 na Donald Bitzer, ulikusudiwa kufundishia. Kuwaunganisha watumiaji wake hakukuwamo katika mpango.

Watumiaji walipogundua hitilafu, waliiandika katika faili moja lililo wazi kwa wote. Yeyote aliweza kufuta maneno ya mwenzake, na ilikuwa vigumu kujua nani kaandika nini. Mwaka 1973 David Woolley, kijana wa miaka 17, alipewa kazi ya kuiondoa kero hiyo. Programu yake, iliyoitwa Notes, iliweka jina na tarehe kwenye kila ujumbe, ikayapanga majibu nyuma ya hoja yake, na ikayalinda maandishi ya kila mtu. Ni mambo machache, lakini ndiyo yaliyowafanya watu waaminiane. Baada ya muda walimu na wanafunzi walikuwa wakijadiliana humo mambo yaliyo mbali kabisa na hitilafu.

Miongoni mwa wanafunzi walioizoea alikuwamo Ray Ozzie. Mwaka 1984 alianzisha kampuni ya Iris Associates ili kutengeneza programu ya aina hiyo kwa ajili ya ofisi, akaungwa mkono kifedha na kampuni ya programu ya Lotus, na Lotus Notes ikaingia sokoni mwaka 1989. Kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse ilinunua leseni 10,000. Mwaka 1995 IBM iliinunua Lotus kwa takriban dola bilioni 3.5, hasa kwa ajili ya Notes.

Hata hivyo, kununua programu hakukuwa sawa na kuitumia, na hapa ndipo penye uzito wa historia hii. Mwaka 1992 Wanda Orlikowski, mtafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha uchunguzi wake kuhusu kampuni kubwa ya ushauri iliyokuwa imeanza kuitumia Notes. Washauri vijana walishindania vyeo, na asiyepanda aliondoka. Ujuzi ndio uliokuwa mtaji wao, hivyo hawakuona sababu ya kuugawa bure. Isitoshe, saa za kujifunza programu hazikuweza kutozwa mteja yeyote, na kila mmoja alipimwa kwa saa zilizolipiwa. Waliojitokeza kuitumia kwa pamoja ni mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyo, ambao hawakubanwa na hesabu ya saa za wateja.