Nikon F: Kamera ya Lenzi Moja, 1959

Kamera hii ya filamu ya milimita 35, iliyotolewa na kampuni ya Nippon Kogaku ya Japani mwaka 1959, ni ya aina ya lenzi moja yenye kioo cha kuakisi, yaani mpigapicha huiona taswira kupitia lenzi ileile itakayoinasa. Kioo kilichoinama nyuma ya lenzi huipeleka nuru juu kwenye prizimu, bonge la kioo lenye pembe nyingi linaloirekebisha taswira iliyogeuzwa kulia kwa kushoto, na kitufe kinapobonyezwa kioo hicho huinuka, kisha shata, ambayo ni mapazia mawili membamba ya titani, huiruhusu nuru kuifikia filamu kwa muda ulioteuliwa, ambao waweza kuwa mfupi hata 1/1000 ya sekunde. Umbo lake lilisanifiwa na Yusaku Kamekura, aliyebuni pia nembo ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964. Ubora wake mkuu, pengine kuliko hata uimara unaosifiwa sana, ni kwamba lenzi, kitazamio na mgongo wake vyote hubadilishwa kulingana na kazi. Mwili wenyewe hauhitaji betri.