Shotistopu: ufupi wa nini?

Kwetu, ukitaja "shoti", mtu huwaza nyaya za umeme. Katika besiboli ya Marekani, shotistopu ni mchezaji anayelinda nafasi kati ya besi ya pili na ya tatu. Ufupi ulio katika jina hilo ("short" ya Kiingereza) si wa kimo: Cal Ripken Jr., aliyekuwa shotistopu wa Baltimore Orioles, ana sentimita 193. Ni ufupi wa umbali. Katikati ya karne ya 19, Doc Adams wa New York Knickerbockers alisimama hapo kupokea mipira ya wenzake wa mbali, maana mpira ulikuwa mwepesi, haukufika kwa mrusho mmoja. Leo shotistopu huinama, akaudaka mpira unaobiringika, akaurusha besi ya kwanza kabla mkimbiaji hajafika. Wapiga picha nao huiita "shotistopu" dawa inayokatiza usafishaji wa filamu. Kiini ni kimoja: kuzuia.