Safari ya Mwisho Kabla ya Aprili

Februari 1886, wanafunzi wa chuo cha ualimu cha Tokyo walitoka mjini kwa miguu, bunduki begani, wakashika njia ya Choshi, mji wa wavuvi kwenye pwani ya Chiba. Safari ilichukua siku 11. Waziri wa elimu, Mori Arinori, alitaka walimu wakakamavu kama askari, lakini masomo nayo yakapenyezwa: huko njiani vijana walikusanya mimea na makombe. Ndivyo ilivyozaliwa ziara ya shule ya Kijapani, shugaku ryoko, nusu gwaride, nusu darasa.

Vijana wa Japani hawakuwa wageni wa barabara. Enzi za Edo, watumishi na watoto walizoea kutoroka kwenda kuhiji kwenye hekalu la Ise bila kuwaaga mabwana wala wazazi, wakila vya kuombaomba, na waliporudi aghalabu walisamehewa. Nadhani serikali ya Meiji, iliyofuata enzi hizo, iliichukua hamu hiyohiyo ikaivika sare. Mwaka 1906 wanafunzi walipelekwa Manchuria kutazama medani za vita vya juzijuzi na Urusi. Miaka ya 1930 watoto walirudishwa Ise, safari hii kwa foleni, kumsujudia mungu anayehesabiwa kuwa bibi wa ukoo wa mfalme. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikazima kila kitu.

Amani iliporudi, ziara zilirudi zikiwa na njaa: mtoto alibeba mchele wake ili nyumba ya wageni impikie. Mei 1955 kivuko Shiun Maru kiligongana na meli nyingine katika ukungu wa Bahari ya Seto. Walikufa watu 168, wengi wao wanafunzi waliokuwa ziarani. Mwaka 1959 zilianza treni za wanafunzi peke yao, Hinode na Kibo, yaani Mapambazuko na Tumaini. Baadaye Hiroshima, Nagasaki na Okinawa zikawa vituo vya kufundishia amani. Ziara iliyoanza na bunduki!

Lakini safari ya kuhitimu hasa, sotsugyo ryoko, ya marafiki wanaomaliza chuo, haina mwalimu. Hadi Aprili 1964 Mjapani hakuruhusiwa kwenda ng'ambo kutalii tu, na hata ruhusa ilipotoka aliruhusiwa kubeba dola 500, basi. Baada ya 1985 yeni ilipanda kwa kasi, na mwanafunzi wa chuo aliyeuza dukani jioni akaweza kufika Hawaii au Paris.

Kinachoitia uchungu ni kalenda. Ajira huwa imeshapatikana mapema, tasnifu imekabidhiwa, na kazi inaanza Aprili mosi. Mwajiriwa mpya hupata likizo ya siku 10 baada ya kutimiza miezi sita. Kati ya tasnifu na kazi kuna Februari na Machi, wiki chache zisizo na bosi wala mtihani, na marafiki huzitumia hadi senti ya mwisho. Aprili mosi hukaa ukumbini kwenye suti nyeusi zinazofanana, safu kwa safu, wakimsikiliza mkuu wa kampuni.